Kamba Tatu Kwenye Uzio wa Bi Eldina

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewashinda watu wenye akili kuliko mimi na, msinune, kuliko ninyi. Mwishoni nitawauliza swali moja tu. Anayetaka kujibu sasa hivi aende kwanza akachote maji.

Kulikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha juu kule Njombe, ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa sakitu na watu huongea huku midomo ikitoa moshi.

Wa kwanza ni Mzee Kastori Sanga. Alifanya kazi ya ishara kwenye reli miaka ishirini na sita, na alichobaki nacho baada ya kustaafu ni saa ya mkononi na masikio. Hakuna kinachotokea karibu yake bila kuandikwa dakika yake kwenye kijitabu. Mbuzi wa jirani akipiga chafya, Mzee Kastori anajua ilikuwa saa ngapi na alipiga mara ngapi.

Wa pili ni Mwalimu Ombeni Tweve, anayefundisha kompyuta kwenye sekondari ya kata. Huyu haamini kitu mpaka kiwe na namba. Ukimwambia uji ni wa moto, atakuuliza wa moto kiasi gani, na wewe umeshika kikombe unaungua vidole.

Wa tatu ni Yustina Kilasi, mwoka mikate. Hana saa wala kipimajoto. Anaingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri lake la matofali, anahesabu moyoni, anautoa, anasema "bado" au "tia". Tangu aanze kazi hiyo hajaunguza mkate hata mmoja, na wapo wanaomwombea aunguze, kwa husuda tu.

Katikati ya hawa watatu yupo Bi Eldina Mlelwa, na huyu ndiye tutakayekaa naye, kwa sababu ndiye aliyeachiwa mzigo. Mzee Kastori ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mwalimu Ombeni ni mkwe wake, amemwoa Faraja, binti yake wa pekee. Yustina ni jirani, ukuta kwa ukuta, na mwaka ule Bi Eldina alipolazwa na nimonia, Yustina ndiye aliyekuwa akimkamulia ng'ombe na kumpelekea mkate wodini. Ukiwatoa hao watatu, Bi Eldina hana mtu wa kumgongea mlango.

Bi Eldina alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja. Kila mtoto aliyempokea alimwandika kwenye daftari: jina la mama, siku, saa, uzito, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Walifika elfu mbili na mia tatu na kitu. Wengi wao hawakuwahi kuchukua cheti cha kuzaliwa, na leo ni watu wazima wanaohangaika kila wanapoulizwa walizaliwa lini. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba maofisa wa usajili watapanda kijijini siku moja, Alhamisi, na kwamba karatasi iliyochapwa na kusainiwa na mkunga itakubaliwa kuwa ushahidi, kijiji kizima kiligeuza shingo kumtazama Bi Eldina.

Naye alikuwa tayari, au alidhani yuko tayari. Madaftari yake yalikuwa yameanza kuota ukungu, hivyo kwa miaka mitatu alikuwa akiyanakili kwenye kompyuta ya mezani aliyoletewa na Faraja. Akimaliza daftari moja analihakiki mara mbili, halafu analitia jikoni liwashie mkaa. Ndiyo, analichoma. Msipige kelele. Lilikuwa linanuka, kurasa zimegandana, na baridi ya kule mnaisikia redioni tu.

Kompyuta yenyewe aliiweka chumbani kwake, kwa kuwa soketi ya sebuleni ilikufa zamani na chumba ndicho kilichokuwa na joto. Na hapo ndipo ukunga ulipomponza. Mkunga wa nchi ya baridi anajua jambo moja kabla ya mengine yote: kilicho kichanga na cha thamani kitiwe joto. Basi alisogeza jiko la mkaa karibu na boksi la kompyuta, akaacha dirisha wazi kidogo kama alivyozoea kuwafundisha wazazi, na kila alipomaliza kazi alilifunika boksi kwa blanketi la pinki lenye vishada. Wakati mwingine alisahau kulifunua akiwasha.

Alipoanza kuchapa orodha, Jumatatu ya juma lililotangulia ile Alhamisi, printa ilifika kwenye majina ya herufi K ikanyamaza. Kipanya kikafa mkononi. Baada ya muda mfupi kompyuta yote ikazimika. Akasubiri, akawasha, ikaenda dakika ishirini hivi, ikafa tena. Akajaribu kuhamishia kazi yake kwenye flashi. Flashi ikafunguka tupu. Akakaa kitandani akatazama lile boksi, kisha akatazama majivu kwenye jiko. Watu elfu mbili na mia tatu walikuwa ndani ya kile kibati, na hawakuwa mahali pengine popote duniani.

Fundi mmoja wa mjini aliposimuliwa kwa simu alisema bila kusita, "Hiyo prosesa, ubongo wa kompyuta yako, imekufa kwa joto. Badilisha." Mwingine akasema mashine nzima itupwe. Yustina alipoona blanketi alicheka hadi akakaa chini.

"Mama Faraja, umeivisha kompyuta shuka la uzazi?"

Bi Eldina aliona haya. Akaondoa blanketi, akaondoa na jiko, akafungua dirisha lote, akakaa chumbani amejifunga khanga tatu huku meno yakigongana. Kompyuta ikafa dakika ile ile. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Kitu kimezimwa kwa joto katika chumba ambacho maji ya ndoo yameshika ngozi ya barafu. Utaelewa nini hapo?

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, alisimama kabla hajajishauri vizuri. "Wapendwa, mnajua nina mtamba, Kidoti, yule mwenye alama nyeupe kwenye paji, ana mimba ya miezi mitatu. Mtu atakayeiponya kompyuta yangu kabla ya Alhamisi atamchukua Kidoti. Mtu huyo mmoja, na Kidoti mzima. Nimesema mbele za Mungu na mbele yenu." Watu wakaitikia amina, kwa nguvu kuliko walivyoitikia mahubiri.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoponywa huyo mgonjwa.

Mzee Kastori alifika Jumatatu asubuhi na kigoda chake. Shemeji haingii chumba cha kulala cha mjane, hilo halihitaji kuelezwa, kwa hiyo alikaa sebuleni, akautazama ukuta, akaweka saa gotini na kijitabu juu ya paja. "Iwashe, shemeji. Fanya kazi kama kawaida. Usiniambie kitu, mimi nitasikia."

Bi Eldina akawasha, akachapa, ikafa. Akawasha tena, ikafa. Mara tatu. Mwishowe mzee akasoma alichoandika.

"Dakika ya kumi na saba, printa imenyamaza. Ya kumi na nane, umesema 'eh, kipanya tena'. Ya kumi na tisa, kuna kitu ndani kimegonga tik, tik, tik, nadhani ni diski. Ya ishirini na moja, feni imenyamaza na wewe umesonya. Mara zote tatu kwa mpangilio huo huo."

"Kwa hiyo nini, shemeji?"

"Kwa hiyo si prosesa. Ile feni kubwa ni ya prosesa, siyo? Prosesa ikichemka feni yake hukimbia, hata mimi najua. Hii feni haikuongeza mbio hata mara moja, imevuma sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Halafu vimekufa kimojakimoja vile vilivyochomekwa: printa, kipanya, diski. Kwenye reli, taa tatu zikizimika zikifuatana na injini bado inanguruma, huendi kufungua injini. Unatafuta mahali ambapo waya za taa zote tatu zinakutania." Akafunga kijitabu. "Hapo mahali panaitwaje sijui. Lakini mgonjwa yuko hapo."

Bi Eldina hakuelewa, lakini alimpigia simu mkwe wake akamweleza neno kwa neno.

"Mama," akasema Mwalimu Ombeni, "mimi nilikuwa nimeshaagiza prosesa nyingine. Ngoja niisimamishe. Nakuja."

Mwalimu alifika Jumanne baada ya vipindi. Akasalimia, "Shikamoo mama," akiwa amesimama mbali kama inavyotakiwa, na hapo wote wawili wakaduwaa. Fundi amefika, mgonjwa yuko chumbani, na mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe hata nyumba ikiungua. Boksi lisingeweza kuhamia sebuleni kwenye soketi iliyokufa. Basi Mwalimu alizunguka nje, akasimama chini ya dirisha kwenye matuta ya kabeji, akageuza mgongo ili asichungulie, na akapitisha mkono nyuma na flashi.

"Ichomeke mapema, mama, kabla haijachemka. Kuna programu ndogo ya kupima joto. Ifungue, unisomee kila namba utakayoona. Usiruke."

Bi Eldina akavaa miwani. "Prosesa, arobaini na sita."

"Nzuri. Haina homa."

"Diski, thelathini na tatu. Halafu kuna hii ya chini... chi... chipseti. Hamsini na nane."

"Endelea kunisomea hiyo tu, kila dakika."

"Sitini na sita. Sabini na tano. Themanini na nne. Ombeni mwanangu, hii inapanda kama mama wa mimba ya kwanza! Tisini na moja. Tisini na nane. Printa imenyamaza!"

Mwalimu akaziandika zote kwenye kiganja. Akaeleza kwa sauti, akiziangalia kabeji, kwamba ndani ya boksi kuna bodi kubwa ambayo mafundi huiita mazabodi, na juu yake, mbali kidogo na prosesa, kuna kipande kidogo kiitwacho chipseti, na hicho ndicho kinachopokea kila kinachochomekwa, printa, kipanya, flashi na hata diski. Kikichemka, hivyo vyote hukatika. Mzee Kastori, aliyekuwa amerudi na kigoda chake sebuleni, akasema, "Ndipo waya zinapokutania!" na kuandika dakika.

"Lakini namba huweza kudanganya," Mwalimu akaongeza. "Vipimo vingine huharibika. Juu ya hiyo chipseti pana bati dogo lenye mapezi, la kuipoza. Lazima mtu aliguse. Likiwa la moto, tutalifungia feni yake na kazi itakwisha."

"Mimi vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi," Bi Eldina akasema. "Nimwite Yustina."

Yustina alikuja Jumatano kabla ya jua kupanda, unga bado kwenye nyusi, kwa kuwa kesho yake ndiyo Alhamisi na hapakuwa na muda wa kujivuta. Akalifungua boksi kwa kisu cha mkate kama alivyoelekezwa kutoka dirishani, Mwalimu akimsihi asiguse kitu kingine. Bi Eldina akawasha. Mzee Kastori sebuleni akatazama saa. Wakasubiri.

"Tisini na saba!" Bi Eldina akasoma. "Gusa, Yustina, gusa!"

Yustina akagusa lile bati. Akatoa mkono, akaugusa tena, akakunja uso. "La baridi."

"La nini?" Mwalimu akauliza kabejini.

"La baridi. Vuguvugu kidogo, labda. Ningekuwa naweka unga hapa, usingeumuka mpaka Krismasi."

Hapo, ndugu zangu, nyumba ile ilijaa mkanganyiko kama soko la Jumamosi. Mwalimu akasema mkono wa mama Yustina umezoea tanuri, hausikii tena joto dogo. Yustina akawaka. "Mkono huu haujawahi kuunguza mkate! Hiyo namba yako ndiyo imeungua." Mzee Kastori akapaza sauti sebuleni kwamba imefika dakika ya kumi na sita na waache kugombana. Bi Eldina alikuwa katikati, anatazama namba inayosema moto na jirani anayesema baridi. Aliwapenda wote na aliwaamini wote, na hakuona wanavyoweza kuwa wakweli kwa pamoja. Machozi yakamlenga. Aliona madaftari yake yakiungua tena, moja baada ya jingine.

Yustina ndiye aliyenyamaza kwanza. Alirudisha mkono kwenye lile bati, akaacha vidole vimelala pale, na uso wake ukabadilika kama unavyobadilika akiwa mdomoni mwa tanuri.

"Ngoja," akasema. "Tanuri likiwa la moto na mkate ukabaki mbichi, tatizo si tanuri wala si mkate. Ni sinia halikukaa sawasawa." Akasukuma pembe moja ya bati kwa kidole. Likacheza. "Hili limenyanyuka upande mmoja. Ni kama sufuria lililokaa kwenye mafiga mawili, la tatu halipo." Akalikandamiza kwa kidole gumba, kwa nguvu.

"Aaah! Sasa linakuja! Sasa ni la moto!"

"Tisini na mbili," Bi Eldina akasoma, na sauti ikampanda. "Themanini na tano! Sabini na sita! Inashuka! Yustina, usitoe mkono!"

"Unaniunguza, mama!"

"Vumilia! Sitini na tisa!"

"Dakika ya ishirini na mbili," Mzee Kastori akatangaza sebuleni. "Haijawahi kufika dakika ya ishirini na mbili."

Kwa hiyo hakuna aliyedanganya. Chipseti ilikuwa inaungua kweli, na bati la kuipoza lilikuwa la baridi kweli, kwa sababu viwili hivyo havikuwa vinagusana. Walipozima na kuchunguza, waliona bati lile linashikiliwa na vipini vya plastiki kwenye pembe, na kimoja kilikuwa kimevunjika. Kilipoguswa kilimeguka kama ganda la yai. Mwalimu aliomba akipitishiwe dirishani, akakitazama kwa muda mrefu.

"Plastiki hii imekaushwa," akasema taratibu, kwa heshima yote. "Imekaa karibu na moto muda mrefu."

Bi Eldina alitazama kona lilipokuwa jiko.

Hapakuwa na kipini kingine mpaka mjini, na mjini ni kesho. Ndipo Bi Eldina alipofungua sanduku lake la zamani, akatoa uzi wa pamba mzito, ule aliofungia vitovu miaka thelathini na moja, akakata kifungo kwenye gauni lake, akakiweka nyuma ya bodi, akapitisha uzi kwenye tundu la kipini, akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto aliyopewa na Mwalimu, akakaza mafundo mawili. Vidole vyake vilikuwa na ganzi, lakini kazi hiyo vingeweza kuifanya vimelala.

Wakawasha. Chipseti ikapanda hadi hamsini na tatu ikakaa hapo. Printa ikachapa K, ikachapa L, ikavuka M na akina Mlelwa wote na akina Mwalongo wote, na jioni ikamaliza Z. Alhamisi foleni ilizunguka ofisi ya kijiji. Bwana mmoja aligundua kuwa ni mdogo kwa mke wake kwa miezi minane, na mpaka leo hawajasalimiana vizuri. Watu walitoka na karatasi vifuani kama wamepewa watoto wao upya. Bi Eldina alisaini hadi mkono ukavimba, na alifurahi siku ile kuliko siku ya arusi yake.

Halafu ikaja Jumamosi.

Kule kwao anayepewa ng'ombe huja na kamba yake mwenyewe. Anaitundika kwenye uzio wa zizi alfajiri na kuondoka bila kusema, na mwenye ng'ombe humfunga mnyama kwa kamba hiyo na kumpeleka. Kamba ambayo haikutumika inarudishwa kwa mwenyewe, na kumrudishia mtu kamba yake ni kumwambia kwamba umemwona mwongo, alidai kisicho chake. Aliyerudishiwa hakanyagi tena hapo uani. Bi Eldina alipotoka na ndoo ya kukamulia mama yake Kidoti, alikuta kamba tatu.

Ya kwanza ilikuwa nene, ya kijivu, ya reli, imeviringwa sawasawa. Ya pili mpya, ya nailoni ya buluu, bado ina lebo. Ya tatu ya katani, imesokotwa kwa mkono, na imeshika unga.

Hakuna aliyekuwa amemdanganya. Jana yake kila mmoja alipita, na kila mmoja alisema maneno yake bila kupayuka.

Mzee Kastori alisema, "Shemeji, bila masikio yangu mngenunua prosesa, mngeifunga, na ingekufa dakika ile ile. Mwalimu alikuwa ameshaagiza. Nina miaka sabini na sita, na ng'ombe wangu alikufa kwa baridi ya mwaka jana, unajua."

Mwalimu Ombeni alisema, akitazama chini, "Mama, bila namba, mama Yustina angegusa bati la baridi na kusema hapa hapana ugonjwa. Baridi ile ilikuwa na maana kwa sababu tulijua moto upo. Na kuna mtoto wako, Faraja, anayelea mtoto na kuhitaji maziwa."

Yustina alisema, "Mama Faraja, bila mkono wangu Mwalimu angefunga feni juu ya bati la baridi, na lingepozwa mpaka leo huku chipseti inaungua chini yake. Nina malengelenge. Tazama." Akaonyesha kidole gumba.

Bi Eldina alimsikiliza kila mmoja na kila mmoja alikuwa na haki, na kila aliyeondoka alimwacha amechanganyikiwa zaidi ya aliyemtangulia. Alifikiria kugawa uzao, ndama wa kwanza kwa huyu na wa pili kwa yule, lakini alikuwa ametamka kanisani mtu mmoja na Kidoti mzima, na wa tatu angesubiri miaka minne. Mzee Kastori ana miaka minne ya kusubiri? Akampigia Faraja.

"Mama, ukimpa Ombeni watasema umempa mwanao," Faraja akasema. "Ukimnyima, nitamtazama vipi usoni? Tena mimi naona wewe ndiye uliyefunga ule uzi. Bila fundo lako wangebaki wanajua ugonjwa tu. Baki na ng'ombe wako."

Neno hilo lilimwingia Bi Eldina kama chai ya tangawizi. Kwa usiku mzima aliona kuwa ni kweli: ndiye aliyezisoma namba zote, na ndiye aliyefunga. Lakini alfajiri aliona pia jiko. Ndiye aliyechoma madaftari, na moto huo huo ndio uliokivunja kipini. Aliyevunja akija akafunga, naye anadai? Na akibaki na Kidoti, atarudisha kamba zote tatu badala ya mbili, na ule mlango utakuwa haugongwi na mtu.

Kwa hiyo amesimama pale uani, sakitu inalia chini ya viatu vyake. Kesho ni Jumapili, na mchungaji ataita jina la mwenye Kidoti mbele ya watu wote. Kwa Mzee Kastori mlango uko nusu wazi, moshi unatoka. Kwa Yustina tanuri limewashwa. Mwalimu amepitisha baiskeli yake njiani polepole kuliko kawaida, hakugeuza shingo. Kidoti ametoa kichwa juu ya uzio, anainusa kamba ya kijivu, anainusa ya buluu, anailamba ya katani kwa sababu ya unga, na hilo halimsaidii mtu.

Bi Eldina ameweka ndoo chini. Amenyoosha mkono.

Haya, wewe uliyekuwa na jibu tangu mwanzo, usiangalie pembeni. Kamba mbili zitarudi leo, na watu wawili hawatakanyaga tena kwa Bi Eldina. Mkono wake uguse ipi? Je, wewe ungeamua vipi?